Gitaa la Mabega Mawili

Katika chumba changu cha Nsambya kuna magitaa mawili, na karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza lipi ni zuri zaidi. Yote mawili ni ya ule ukoo wa zamani wa jazi. Uso wake haukulala bapa kama ubao wa meza, umebinuka kidogo kama mgongo wa kobe. Badala ya tundu moja la duara katikati, kila moja lina matundu mawili membamba yenye umbo la herufi f, kama fidla. Mtu akiyaona ukutani anadhani ni ndugu wa tumbo moja.

Tofauti iko begani. Moja lina mabega mawili yaliyo sawa, kushoto na kulia ya shingo. Lingine limekatwa bega moja, lile la upande wa nyuzi nyembamba, kama embe lililong'atwa. Wanafunzi wangu wanaliita gitare ya kung'atwa. Kwetu Kongo tunasema gitare, na baada ya miaka tisa Kampala bado ulimi wangu haujahama.

Swali lenyewe linaonekana dogo, la watu wasio na kazi. Mwaka jana lilikaribia kuvunja kikundi chetu cha muziki, ndiyo maana naliandika hapa.

Nianze na kazi ya lile bega. Kwenye shingo ya gitaa kuna vyuma vidogo vinavyokatiza, tunaviita freti. Kwenye magitaa mengi ya aina hii shingo inaingia ndani ya kasha kwenye freti ya 14. Mpaka hapo mkono unatembea bila shida. Ukitaka kupanda hadi ya 15, 16, 17, kiganja kinagonga bega. Unaweza kujipinda, unaweza kunyoosha vidole mpaka viume, lakini kasi inakufa. Bega likikatwa, mkono unapita kama mtu aliyefunguliwa geti. Hakuna siri nyingine kubwa. Ile sehemu iliyong'atwa ni njia ya mkono.

Kwa anayepiga nyimbo za kawaida, freti hizo za juu ni kama ghorofa la mwisho la nyumba asiyoishi. Lakini sisi ni Wakongo, bwana. Wimbo wetu unaanza taratibu, waimbaji wanaeleza habari yao, halafu sauti zinakaa pembeni na magitaa yanachukua usukani. Hapo ndipo seben. Mpiga solo anakimbilia juu ya shingo, kwenye nyuzi nyembamba, anazungusha kipande kifupi mara ishirini mpaka mama aliyekuwa ameketi na mtoto mgongoni anasimama. Seben inaishi juu. Kijana anayetaka kupiga solo akikuta bega linamzuia, anajisikia kama mtu aliyefungiwa nje ya kwao.

Hata hivyo gitaa la mabega mawili ndilo lililotangulia, na halikuwa gitaa la wanyonge. Orville Gibson, fundi wa mji wa Kalamazoo huko Michigan, Marekani, alianza kuchonga uso wa gitaa kama wa fidla mwishoni mwa karne ya 19. Kampuni yenye jina lake ilianza mwaka 1902, na mwaka 1922 ikatoa gitaa la L-5 lenye yale matundu ya f. Lilikuwa na mabega mawili. Kazi yake ilikuwa kusikika katikati ya tarumbeta na ngoma bila umeme wowote. Freddie Green alijiunga na bendi ya Count Basie mwaka 1937, akakaa humo mpaka alipofariki mwaka 1987. Karibu miaka 50 alipiga magitaa ya namna hiyo bila spika, akigonga mapigo manne, na bendi nzima ikimwegemea kama nyumba inavyoegemea nguzo. Hakuhitaji freti ya 17.

Kukata bega kulikuja na watu wa solo. Ufaransa, mwaka 1932, kampuni ya Selmer ilianza kutoa magitaa yaliyobuniwa na Mario Maccaferri, yakiwa yamekatwa bega tayari. Ndiyo yaliyokuja kujulikana mikononi mwa Django Reinhardt. Gibson nao wakakata bega la L-5 mwaka 1939. Mwaka huohuo Charlie Christian aliingia kwenye kikundi cha Benny Goodman akiwa na gitaa la umeme la ES-150, la mabega mawili, na solo zake mpaka leo wanafunzi wa jazi wanazikariri. Nawaambia vijana wangu jambo hilo kila wakilaumu chombo. Mwaka 1949 ikaja ES-175, ya umeme, bega limekatwa kwa ncha kali kama pembe, na baada ya hapo gitaa la jazi kwa watu wengi likawa na sura hiyo.

Na kwetu? Mwaka 1952 Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, mji tunaouita Likasi sasa, kijana yule alikuwa na gitaa la kawaida lisilo na umeme, na kidole gumba pamoja na cha shahada vilitosha kujaza wimbo. Mwaka uliofuata Mbelgiji Bill Alexandre, mpiga gitaa wa jazi, alifika Léopoldville kufanya kazi na studio ya CEFA, akiwa na gitaa la umeme. Vijana wa mji walikuja kutazama, wakasikiliza, wakarudi nyumbani na mawazo mapya. Ndani ya miaka michache gitaa la Kongo lilikuwa limegawana kazi. Katika African Jazz, Nico Kasanda alipanda juu na solo, na kaka yake Charles Mwamba, aliyeitwa Dechaud, alishikilia mapigo chini. Ndugu hao wawili ndio walioshika magitaa Brussels mwaka 1960 wakati Kabasele na wenzake walipotoa wimbo wa uhuru ambao Afrika nzima iliucheza. Baadaye kati ya solo na akompanyema tukaweka gitaa la tatu, mi-solo, la kuwaunganisha wawili hao.

Kwa hiyo mtu wetu wa Likasi au Kinshasa akiulizwa gitaa lipi ni zuri, kwanza angekuuliza: wewe unapiga nafasi gani? Wa solo anahitaji njia ya mkono. Wa akompanyema anakaa freti tano za kwanza mpaka ya saba, na hilo bega halioni wala halimwoni.

Sasa niseme habari za haya mawili yangu.

Lililokatwa bega nilinunua hapa Kampala kwa pesa ya harusi tatu. Ni la mbao zilizobandikwa tabaka kwa tabaka, lina maiki mbili zilizozamishwa usoni. Bila umeme linanong'ona kama mtu mwenye mafua. Ukiliunganisha na amplifaya, basi, limekuwa mtu mwingine. Ndilo linalonilipia kodi ya nyumba. Hapa mjini mkimbizi hapewi posho ya chakula kama kambini. Unaishi kwa ulichokitoa mwenyewe. Mke wangu anatembeza vitenge kuanzia Nsambya mpaka Kabalagala, na mimi napiga harusi, misiba na ibada.

La mabega mawili niliachiwa na mzee mmoja wa Uvira aliyepata nafasi ya kuhamia nchi ya mbali. Alikuwa amelipitisha Bujumbura, akalipitisha Nakivale, akalileta mpaka kwenye vyumba vya nyuma ya hospitali ya Nsambya, likiwa limefungwa kwenye blanketi. Siku ya kuondoka hakulibeba. Aliniambia, "Usiliuze. Na usilifungie kabatini kama maiti. Mtu alipige." Hayo tu. Hakusema nani.

Mara moja niliwapima wanafunzi. Umeme ulikuwa umekatika, jambo la kawaida mtaani kwetu, nikawaambia wageukie ukuta. Nikapiga kipande kimoja kwa gitaa hili, kipande hichohicho kwa lile. Wote walichagua la mzee. Sauti yake ilifika mpaka uani, mpaka jirani akatupigia makofi. Lakini sikuwaruhusu waseme ni kwa sababu ya bega. La mzee uso wake ni mbao moja ya msonobari iliyochongwa, ni pana, na halina kitu kizito kilichozamishwa juu yake. Kipande cha bega kinachokatwa kinapunguza hewa kidogo tu ndani ya kasha. Mbao, unene wake na mkono wa mpigaji vina sauti zaidi ya bega. Atakayekwambia kwamba gitaa lililokatwa bega limekatwa na roho, mwombe akuonyeshe gitaa lingine linalofanana nalo kwa kila kitu kingine, ndipo abishane.

Ugomvi ulianzia kwa kijana wetu wa solo. Ana miaka kumi na tisa, alizaliwa Bukavu, amekulia hapa, na vidole vyake vinakimbia kuliko vyangu. Bendi moja ya Kabalagala ilimwambia aje siku za Alhamisi, lakini awe na gitaa lake. Hana. Alikuwa akifanyia mazoezi gitaa la mzee, kwa sababu la umeme natoka nalo mimi. Siku moja akaja na fundi seremala kutoka kwenye zile karakana za samani za hapa Nsambya, mtu anayetengeneza vitanda na makabati ya mvule mazuri kabisa. Fundi akaligeuza gitaa, akagonga ubavu kwa kidole, akachora kwa penseli mstari wa duara pale begani.

"Ssebo, hii ni kazi ndogo," akasema. "Siku mbili. Nitapinda ubao hapa, nitaweka gundi, utadhani lilitoka kiwandani hivyo."

"Papa," kijana akanibembeleza, "hii gitare iko na sauti, lakini haiko na mlango. Tufungue tu mlango."

Sitaki kumdharau kijana. Alikuwa na haki ya kutaka. Alhamisi nne kwa mwezi, kwa familia yenye watu sita katika chumba kimoja, si mchezo. Na fundi hakuwa mjinga. Ila kiti na gitaa havibebi mzigo namna moja. Nyuzi sita zikikazwa zinavuta shingo kwa nguvu ya makumi ya kilo, usiku na mchana, hata likiwa limetundikwa. Nguvu hiyo inapokewa na gogo dogo lililofichwa ndani pale shingo inapoingia, na mabega mawili yanalishikilia gogo hilo huku na huku. Anayejenga gitaa la kukatwa bega anapanga hayo tangu mwanzo: gogo lake, mbavu zake, kisigino cha shingo kilichopunguzwa. Ukikata baadaye, unaondoa nguzo huku paa likiwa juu.

Hayo nilimweleza fundi na akaelewa upesi, maana naye anajua mbao. Lakini kijana hakuridhika, na wenzake wawili wakamuunga mkono. Wakasema nathamini mbao ya mzee aliyekwisha kwenda kuliko mtu aliye hapa. Neno hilo liliuma kwa sababu lilikuwa na chembe ya ukweli.

Aliyefungua fundo hakuwa mimi. Ni binti wa miaka kumi na mitatu ambaye mama yake anauza kachumbari na samaki karibu na kanisa letu. Alikuwa anakuja kusikiliza tu. Akishika gitaa, analigeuza: shingo mkono wa kulia, kupiga mkono wa kushoto. Wenzake wanacheka. Mama yake naye alikuwa na wasiwasi wake, kwani kwetu ukimpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto umemtukana, na watoto wengi wa kushoto wamechapwa vidole mpaka wakahama. "Mfundishe kulia, Papa Mwalimu," aliniomba. "Atakuja kuchekwa mbele ya watu."

Nilikuwa nimejaribu kumpa gitaa la umeme akiligeuza. Njia ya mkono ikawa juu, karibu na kidevu, haina faida. Bega zima likawa chini, palepale mkono wake ulipotaka kupita. Vitufe vya sauti vikawa vinagongwa na kiwiko. Gitaa lililokatwa bega limekwisha kuamua mwenyewe ni mtu wa mkono gani.

Jioni ile ya ubishi alikuwa amekaa mlangoni. Akachukua gitaa la mzee lenye mstari wa penseli begani, akaligeuza, na likakaa. Upande huu na upande ule vilikuwa sawa. Hakuna kitu kilichokuwa mahali pasipo pake ila nyuzi. Nikaona ile penseli, nikaona na mkono wa mtoto uliokuwa umeegemea juu yake.

Tulilegeza nyuzi usiku huohuo. Katika magitaa haya daraja halijagundishwa usoni. Linashikiliwa pale na mgandamizo wa nyuzi peke yake. Kwa hiyo unaweza kulisogeza na kulipinda kidogo upande wa pili mpaka sauti zikae sawa. Kile kipande cha mfupa pale juu ya shingo, chenye mifereji ya nyuzi, kilihitaji kubadilishwa, na ni yule yule fundi seremala aliyekichonga upya kutokana na mfupa wa ng'ombe. Alichukua shilingi elfu kumi, akafuta na ule mstari wake wa penseli kwa kitambaa.

Wanaojua The Beatles watakumbuka kwamba Paul McCartney, naye wa mkono wa kushoto, alinunua besi ya Höfner kule Hamburg mwaka 1961. Besi ile ina umbo la fidla, pande zake zinalingana, na mwenyewe amesema ndiyo sababu moja iliyompendeza: ukiigeuza haionekani kituko. Nilimsimulia mama wa binti habari hiyo. Hakumjua McCartney, lakini aliuliza kama mtu huyo alipata riziki. Nikamwambia ndiyo, kidogo.

Wakati nyuzi zimetoka nilimulika ndani ya tundu la f kwa tochi ya simu. Karatasi ya kiwanda imeliwa na mende, jina la kampuni halisomeki, ila neno moja limebaki: Bubenreuth. Nikalitafuta. Ni kijiji cha Bavaria, Ujerumani, karibu na mji wa Erlangen. Zamani hakikuwa na magitaa. Mafundi walitoka Schönbach, mji wa Bohemia ambao leo unaitwa Luby na uko Jamhuri ya Cheki. Hukohuko Karl Höfner alianzisha karakana yake mwaka 1887. Baada ya vita vya pili vya dunia Wajerumani walifukuzwa Chekoslovakia, na mafundi wale wakavuka mpaka na walichoweza kubeba. Fred Wilfer, aliyeanzisha Framus mwaka 1946, alikuwa mmoja wa waliowakusanya. Mwaka 1949 Bubenreuth, kijiji cha wakulima kisichofika watu elfu moja, kilikubali kuwapokea na kujenga mtaa wao. Wageni wakawa wengi kuliko wenyeji. Wakaendelea kuchonga.

Sitaki kupamba. Wale walifukuzwa kwa sababu zao, za vita nzito ambayo nchi yao iliianzisha, na sisi tumekimbia kwa zetu. Lakini nilikaa kimya muda mrefu na tochi ile mkononi. Gitaa lililopita Uvira, Bujumbura na Nakivale lilichongwa na mikono ya watu ambao nao walikuwa na makaratasi ya ukimbizi. Na mikono ile, bila kujua, iliacha mabega mawili.

Kijana wa solo nilimpa Alhamisi. Gitaa la umeme ni lake siku hiyo, kuanzia mchana mpaka usiku wa manane. Ananunua nyuzi yeye, na likidondoka tutajua la kufanya. Imenigharimu. Alhamisi kuna mikesha ya misiba ambayo nilikuwa napigia, na sasa naenda kumsaidia mke wangu kubeba vitenge. Nikimsikia akifika freti ya 17 bila kugonga kitu chochote, nasema sawa, ndiyo kazi ya chombo hicho, kimfanyie.

Binti anapiga akompanyema. Jumapili, jenereta ikizima kabla ya seben, gitaa la kijana linakuwa ubao mtupu, naye anasimama akiangalia waya. Binti hasimami. Anaendelea na mapigo yake chini, kushoto kwake, na kanisa linaimba juu yake mpaka mafuta yanunuliwe.

Kwa hiyo mtu akiniuliza siku hizi lipi ni zuri zaidi, namjibu hivi. Kama unajua wewe ni nani na unakwenda wapi, na unakwenda juu, chukua lililokatwa bega, halitakukosea. Kama chombo kitapita mikono mingi, na hujui anayefuata atakuja na mkono gani, acha mabega yote mawili.